Kupima kuganda kwa damu kwa dakika 20

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye zahanati za visiwani, mtu aliyeumwa na nyoka akiletwa usiku kwa mtumbwi, kipimo hiki hakitaki umeme wala mashine.

Vuta mililita 2 za damu ya mshipa, tia kwenye chupa ndogo ya kioo, safi na kavu kabisa. Kioo, si plastiki! Kioo ndicho kinachoichochea damu igande. Wala isiwe imeoshwa kwa sabuni. Niliwahi kutumia ya plastiki nikiwa Ukerewe, damu ikabaki majimaji, nikamtia mama mmoja hofu ya bure. Bado inaniuma.

Andika saa. Iache mezani, usiiguse, hata ndugu wakikusukuma. Pembeni weka damu ya ndugu mzima kwenye chupa ya aina hiyohiyo, ulinganishe.

Dakika 20 zikitimia, inamisha mara moja tu. Ikitiririka kama chai ya rangi huku ya ndugu imeshikana, sumu imeshamaliza vigandishi: usimchome sindano ya msuli, mwahishe kwenye dawa ya sumu ya nyoka. Ikishikana kama ini, bado usimruhusu. Rudia baada ya saa chache, maana sumu nyingine huchelewa.