Namna ya Kupiga Picha za Muziki wa Panki Ukumbini, kwa Mfano wa New York ya 1974 hadi 1979

Wengi wetu tulilisikia neno panki kwanza kwa kinyozi, na kwa hiyo tukiambiwa kuna muziki wa jina hilo, yaani roki ya kasi isiyo na madoido, tunatarajia vichwa vilivyonyolewa pembeni na kuachwa nywele katikati. Bendi zilizopiga CBGB, ukumbi ambao Hilly Kristal aliufungua Desemba 1973 katika mtaa wa Bowery, hazikuwa hivyo: Ramones walifuga nywele ndefu zilizofunika paji la uso, na Talking Heads walivaa mashati ya kawaida kama wanafunzi wa chuo. Mpiga picha anayekwenda ukumbini akiwa ameshaamua panki inafananaje atarudi na picha za nywele tu.

Shida kubwa ni mwanga. CBGB ulikuwa ukumbi mrefu na mwembamba, wenye taa chache za jukwaani na matangazo ya bia yanayowaka, na katika giza la namna hiyo mkono hukimbilia flashi. Flashi huupausha uso wa mwimbaji na kuuzamisha ukumbi wote nyuma yake, hata usijue kama alikuwa Bowery au sebuleni kwake. David Godlis, aliyeanza kupiga picha hapo mwaka 1976, aliiacha kabisa, akafuata mfano wa Brassaï, aliyeipiga picha Paris ya usiku katika miaka ya 1930. Alitumia mwanga uliokuwepo na filamu ya Kodak Tri-X, akishika kamera mkononi kwa muda ambao wengine wangeuona mrefu kupita kiasi, hata robo sekunde.

Ukitaka kufuata njia hiyo kwa filamu ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu au kamera kunasa mwanga), pima mwanga kana kwamba ni ya ISO 1600, kisha uongeze muda wa kuisafisha kwenye dawa. Chembechembe zitakuwa nene na vivuli vitakuwa vyeusi zaidi, lakini sura itabaki. Kumbuka tu kwamba filamu nzima husafishwa kwa kipimo kimoja, kwa hiyo usibadili nia katikati. Kwa kamera ya kidijitali, ISO 1600 au 3200 na lenzi iliyofunguliwa hadi f/2, yaani tundu pana linaloingiza mwanga mwingi, vinatosha. Pima mwanga usoni mwa mwimbaji, si kwenye taa zilizo nyuma yake, la sivyo utapata kivuli chenye gitaa. Egemea ukuta au nguzo, bana viwiko mbavuni, toa pumzi, na ubonyeze pale mwimbaji anaponyamaza kati ya mstari na mstari, kwa sababu hapo kichwa hutulia kidogo. Mkono wa mpiga gitaa ukififia kwa mwendo si kasoro. Jicho likififia, mara nyingi picha imekwisha.

Nimetumia maneno “mara nyingi” kwa makusudi. Septemba 1979, katika ukumbi wa Palladium jijini New York, Pennie Smith alimpiga picha Paul Simonon wa The Clash, bendi ya panki kutoka Uingereza, akilivunja gitaa lake la besi jukwaani. Picha haikutulia sawasawa, na Pennie mwenyewe hakutaka itumike, lakini ndiyo iliyowekwa kwenye jalada la albamu ya bendi hiyo mwaka huohuo. Usitupe wala usifute kitu usiku uleule.

Hesabu pia fremu zako. Maonyesho ya mwanzo ya Ramones yalikuwa mafupi, chini ya nusu saa, na filamu ya fremu 36 ikiisha katikati ya wimbo hakuna wa kukusubiri ubadilishe.

Bendi zikipumzika, toka nje. Roberta Bayley alikuwa akipokea viingilio mlangoni CBGB, na nadhani hakuna mahali bora pa kujifunza nyuso. Picha yake ya Ramones wakiwa wamesimama mbele ya ukuta wa matofali, aliyoipiga kwa ajili ya jarida la Punk, ikawa jalada la albamu yao ya kwanza mwaka 1976. Juu ya ukumbi kulikuwa na nyumba ya kulala ya bei rahisi, na baadhi ya wanaume wa Bowery walilala barabarani. Kuwatumia watu wa hali hiyo kama pambo la nyuma ya wanamuziki ni utovu wa adabu, hata kama mwanga wa taa ya barabarani umewaangukia vizuri.

Mwishowe, omba kuingia ukumbini nusu saa kabla ya milango kufunguliwa, ukiwa na kamera kwenye miguu mitatu, upige kuta, mabango yaliyobandikwa juu ya mengine, na choo chenye maandishi. CBGB ulifungwa Oktoba 2006 baada ya onyesho la mwimbaji Patti Smith, na pale pakawa duka la nguo. Andika tarehe na jina la bendi kwenye bahasha ya negativu kabla hujalala.