Mama Kapimwa Tabora, Mrija wa Nyongo Umepanuka: Ufanye Nini Ukiwa Mbali

Ujumbe wenyewe huwa mfupi: "Mama kapigwa utrasaundi hospitali ya Kitete, mrija wa nyongo umepanuka, mawe hayaonekani, sababu haijulikani." Nusu saa haijapita, kundi la familia limeshaanza kuchangishana nauli ya India. Tulieni kwanza. Kilichopatikana ni kipimo cha upana tu. Ugonjwa bado haujatajwa, na huenda usiwepo.

Mrija mkuu wa nyongo hutoka kwenye ini, hupita nyuma ya kichwa cha kongosho, ukamwaga nyongo kwenye utumbo mwembamba. Kwa mtu mzima, upana wake kwa kawaida hauzidi milimita 6 au 7. Umri nao huupanua kidogo kidogo, na mtu aliyeondolewa mfuko wa nyongo anaweza kufika milimita 10 bila tatizo lolote. Dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, kama kodeini na tramadol, nazo huweza kuupanua, kwa kuwa hukaza mlango wa mrija pale unapoingia kwenye utumbo. Kwa hiyo bibi wa miaka 78 mwenye milimita 8, anayemeza tramadol kwa ajili ya magoti, si sawa na baba wa miaka 50 mwenye milimita 14 ambaye suruali zimeanza kumpwaya.

Omba ripoti nzima. Picha zinazorushwa WhatsApp mara nyingi zimepigwa upande, na mstari uliokatika ndio wenye milimita. Mwambie mdogo wako aiweke ripoti mezani, mchana, kona zote nne zionekane. Tafuta mambo matatu: upana wa mrija, hali ya mirija midogo iliyo ndani ya ini, na kama mrija wa kongosho nao umepanuka. Mirija yote miwili ikipanuka kwa pamoja, daktari lazima akiangalie vizuri kichwa cha kongosho, maana uvimbe wa hapo huweza kuanza hivyo hivyo, hata bila maumivu.

Kuna maswali ambayo huwezi kumuuliza mzazi baada ya shikamoo. Rangi ya choo, kwa mfano. Mpe kazi hiyo dada anayekaa naye, au mjukuu ambaye bibi humtania. Wachunguze: macho yamekuwa ya njano? Mkojo umekuwa kama chai ya rangi? Choo kimepauka? Anajikuna usiku? Amepungua? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, msingoje miadi ya mwezi ujao. Akiwa na homa na kutetemeka pamoja na macho ya njano au maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Huenda mrija umeziba na kushika maambukizi. Huku kwetu homa ya namna hiyo husingiziwa malaria upesi. Apimwe malaria, sawa, lakini kipimo kikitoka safi asirudishwe nyumbani na panadol.

Kama hana dalili, pesa yako ya kwanza iende kwenye damu: vipimo vya ini, yaani bilirubini, ALP, GGT na ALT. Si ghali kulinganisha na skani. Vikiwa sawa na mama hana dalili, uwezekano wa kukuta jambo baya hushuka sana, ingawa haufiki sifuri.

Utrasaundi ina udhaifu wake: gesi ya tumbo huficha sehemu ya chini ya mrija, na huko ndiko jiwe dogo au uvimbe hujificha. Ndiyo maana daktari anaweza kuagiza MRCP, picha ya MRI inayoonyesha mirija bila kuingiza kifaa mwilini. Wengi wa Tabora na Kigoma huelekezwa hospitali ya Bugando, Mwanza, au ya Muhimbili, Dar es Salaam. Mwulizeni mama mapema kama ana chuma au kifaa cha moyo mwilini, na pigeni simu kuhakikisha mashine inafanya kazi kabla ya kukata tiketi. Mtu wa Kigoma akisafiri bure hadi Mwanza, hilo ni jambo la kuudhi kweli.

ERCP ni habari nyingine. Hapo mpira wenye kamera hupitishwa kinywani hadi kwenye mlango wa mrija. Hutoa mawe na kuweka kijirija cha kupitishia nyongo. Ni tiba nzuri, lakini inaweza kuvimbisha kongosho vibaya, kwa hiyo haifanywi kwa ajili ya kuchungulia tu. Mtu akiwaambia "tufanye ERCP tuone", mwulizeni kwa adabu kwa nini MRCP haitangulii.

Ndugu wakileta mitishamba ya kusafisha ini, msigombane nao kwenye kundi. Ombeni tu isitumike hadi damu itolewe, maana baadhi ya dawa hizo huliumiza ini lenyewe na kuvuruga majibu.

MRCP ikitoka safi, muulizeni daktari lini damu irudiwe. Mara nyingi ni baada ya miezi kadhaa. Ripoti na sidii ya picha zikae kwenye bahasha moja nyumbani kwa mama, nakala kwako. Daktari atakayefuata atataka kulinganisha milimita za leo na za wakati huo.