Jinsi ya kuitumia karama yako kuanzia Jumatatu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tangu niwe mzee wa kanisa, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mama, mimi karama yangu ni ipi?" Mara nyingi anayeuliza ametoka kwenye semina, amesikia habari za unabii, uponyaji na kunena kwa lugha, akajitazama akaona hana hata moja. Kumbe ni yeye aliyewapokea watoto wa jirani na kuwalisha wakati mama yao amelazwa. Naandika kwa ajili ya mtu huyo.

Kwanza, soma orodha zote. Wengi tunaishia 1 Wakorintho 12:8-10 na kufunga Biblia. Shuka hadi mstari wa 28 uone Paulo anavyotaja masaidiano na maongozi pamoja na miujiza na karama za kuponya, bila kuyatenga. Kisha fungua Warumi 12:6-8: kuhudumu, kufundisha, kuonya, kukirimu, kusimamia, kurehemu. Hayo yote yanafanyika nyumbani, sokoni na ofisini, na hayahitaji kipaza sauti.

Pili, angalia watu wanakujia na nini. Mimi ni fundi cherehani hapa Kilimanjaro. Kuna wanawake wanaoleta kitenge kushonwa, kitenge kikabaki mezani hakijafunguliwa, mwenyewe ameketi anaeleza mambo ya nyumbani kwake. Niliweka kigoda karibu na mashine kwa sababu hiyo. Naendelea kukanyaga pedali taratibu, maana mtu huongea kwa urahisi zaidi asipokodolewa macho. Akifika kwenye neno zito, nasimamisha mguu na kumtazama. Hakuna aliyenituma kufanya hivyo. Nawe jiulize: watu wananifuata kwa jambo gani bila mimi kujitangaza? Yuko anayeitwa kila majirani wakigombea mpaka wa shamba. Yuko anayepigiwa simu usiku mtoto wa mtu akichemka homa. Waulize pia wanaoishi na wewe, kwa sababu hao wanakujua hata ukiwa umechoka.

Kama bado hujaona, nenda msibani ukakae tangu siku ya kwanza. Kwangu mimi hakuna mahali karama zinaonekana wazi kama pale, kwa kuwa hakuna aliyepata nafasi ya kujipanga. Mmoja akifika tu anauliza sufuria ziko wapi. Mwingine yuko kwenye simu anatafuta turubai na viti, na kabla ya jioni vimefika. Mwingine anashika daftari la rambirambi, anaandika jina na kiasi, anamsomea mtoaji alichoandika, na siku ya kukabidhi hesabu inatimia. Halafu yuko yule asiyesema chochote: ameketi mkekani ubavuni kwa mfiwa, amemshika mkono, na kila baada ya muda anamsogezea kikombe cha uji anywe fundo moja. Nawasihi viongozi wenzangu, msimwinue huyo mkamtuma kumenya ndizi eti naye afanye kazi. Kazi anayoifanya ndiyo kurehemu kwenyewe. Basi jitazame wewe: ulipofika pale, mikono yako ilikwenda wapi kabla hujatumwa?

Ukishajua, chagua mtu mmoja na siku moja ya wiki. Usiseme "nitawatembelea wagonjwa", sema "Jumatano jioni nitakwenda kwa bibi wa nyumba ya bluu." Dorkasi wa Yafa hakuhubiri popote tunaposoma habari zake katika Matendo 9, lakini alipokufa wajane walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea.

Mwenye karama ya kurehemu anayekwenda hospitali, sikiliza. Uliza kwanza mgonjwa anaruhusiwa kula nini, ndipo ubebe chupa ya uji. Ukifika, osha vyombo vyake. Mwulize anayemuuguza kama amekula, kwa sababu huyo husahauliwa. Omba kwa sauti ya chini na kwa ufupi, na usimhadithie mgonjwa habari za fulani aliyekuwa na ugonjwa huo huo akafa. Na ukiombea uponyaji, omba kwa imani yote, lakini usithubutu kumwambia mtu aache dawa zake za sukari, presha au ARV. Anayeona amepona arudi kwa daktari akapimwe. Paulo anasema "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema," na neno hilo linawahusu hata wanaotabiri. Anayekudai fedha ili akupe ujumbe wa Mungu, mkimbie.

Mwenye kukirimu, Warumi inakutaka utoe kwa moyo mweupe. Usharikani kwetu baada ya ibada kuna mnada wa sadaka za mazao: mayai, maziwa, mkungu wa ndizi. Yuko baba anayepandisha bei ya mkungu mpaka wengine wanaacha, analipa, kisha kijana wake anaupeleka kimya kimya kwa mjane aliye jirani. Kanisa limepata, mjane amepata, na yeye hajatangaza chochote. Tafuta namna yako kama hiyo.

Karama ya kuonya ndiyo inayoharibiwa haraka kuliko zote. Mathayo 18:15 inasema mwende wewe na huyo aliyekukosea peke yenu. Kundi la WhatsApp la jumuiya si mahali pake, wala mahali pa sala si pa kumchoma mtu kwa maneno ya kuzunguka. Subiri hasira ikutoke, mfuate nyumbani, anza kwa kumsikiliza. Kama unafurahia safari hiyo, ahirisha. Katikati ya sura za karama katika 1 Wakorintho, ya 12 na ya 14, Paulo ameweka sura ya upendo, nami nawashauri wenye karama hii waisome kabla ya kutoka mlangoni.

Weka pia mpaka. Wenye mioyo laini ndio hubebeshwa kila kitu: usafi, upishi, kwaya, wageni, mpaka nyumbani kwao watoto wanalala bila kumwona mzazi. Yethro, baba mkwe wa Musa, alimwambia Musa waziwazi, katika Kutoka 18, kwamba namna ile ingemchosha yeye pamoja na watu. Mkubwa akikupa jukumu lisilo lako, mjibu kwa adabu: "Mzee, nashukuru kwa kuniamini, ila hili fulani ataliweza kuliko mimi." Kisha mtaje huyo fulani, mpelekee habari mwenyewe, na umsaidie kuanza.

Na ukienda kwenye huduma yako, usiende peke yako siku zote. Mchukue kijana mmoja wa kipaimara au wa umoja wa vijana. Mweleze njiani mnakwenda kwa nani na kwa nini, na yapi asiyaulize. Safari ya kwanza atazame tu. Ya pili, mwache aombe yeye.