Jinsi ya kufunga injini na giaboksi ya mtumba ifike mkoani ikiwa nzima

Juzi nilimsaidia kijana wa duka la jirani hapa Ilala kufunga injini na giaboksi ya otomatiki ya Toyota IST, mzigo wa mteja wake wa Mwanza. Maswali aliyoniuliza ndiyo ninayoulizwa kila mara, kwa hiyo nayajibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Bampa, boneti na milango sivigusi leo; hivyo ni vyepesi na vina ufungaji wake.

Hatua ya 1: Thibitisha namba

IST zipo za injini ya 2NZ (cc 1,298) na za injini ya 1NZ (cc 1,497). Piga picha namba iliyogongwa kwenye bloku, mtumie mteja, subiri akubali kwa maandishi. Usifunge kitu kabla ya hapo.

Hatua ya 2: Mwaga oili na maji, kisha ziba matundu

Mzigo unaovuja utakataliwa, au utachafua mizigo ya wengine na lawama zitarudi kwako. Mwaga oili ya injini, maji ya kupozea na oili ya giaboksi. Matundu ya ekseli na ya mipira ya maji yazibe kwa vifuniko vya plastiki. Ukikosa, tumia nailoni nzito na ukaze kwa klipu. Sipendi matambara: nyuzi zake huingia ndani, na ndani ya giaboksi uchafu kidogo tu unatosha kuziba njia za oili.

Hatua ya 3: Funga toki konveta

Hapa ndipo giaboksi nzuri nyingi zinapokufa zikiwa njiani. Kama unauza injini na giaboksi zikiwa zimeungana, konveta, lile dude la mviringo kama sufuria lililo mbele ya giaboksi, imeshikwa na bolti, ruka hatua hii. Zikitenganishwa, dude hilo halishikwi na kitu. Limechomekwa tu kwenye shafti, na shingo yake ina meno yanayozungusha pampu ya oili. Lori likitikisika, au makuli wakiiinamisha giaboksi, konveta inateleza mbele na meno yanaachia pampu.

Ubaya ni kwamba kwa macho giaboksi inaonekana nzima. Fundi wa huko anaipandisha, inagoma kukutana na injini, anaivuta kwa kukaza bolti. Pampu inavunjika hapo hapo. Gari haitembei, na mteja anakupigia kusema umemuuzia giaboksi mbovu.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga, sukuma konveta ndani huku ukiizungusha taratibu. Utaisikia ikizama, halafu inazama tena. Usiridhike na mara ya kwanza. Endelea mpaka isizame zaidi. Laza rula ya chuma kwenye uso wa nyumba ya giaboksi, pima kina kutoka hapo hadi panapoingia bolti za konveta. Kipimo hicho kiandike kwa maka pen juu ya giaboksi yenyewe na umtumie fundi picha yake.

Sasa izuie. Ninachokiamini mimi ni kipande cha chuma bapa kinachopita mbele ya konveta, kimefungwa kwa bolti mbili kwenye matundu ya giaboksi, kushoto na kulia. Waya wa kufungia nondo unafaa ukiwa umekazwa kwa koleo. Kamba ya katani au ya nailoni hapana, kwa sababu ikilowa oili inateleza na kulegea.

Mwandikie na fundi: apime upya kabla ya kupandisha. Uso wa giaboksi unatakiwa ukutane na injini kwa kusukuma kwa mkono. Ikibaki nafasi, ashushe, airudishe konveta ndani, aanze tena. Asikaze bolti hata moja kuvuta.

Hatua ya 4: Kreti

Wengi huweka injini juu ya tairi kuukuu. Tairi inasaidia kuburuta mzigo, haizuii kupinduka. Mpe seremala atengeneze kitako cha mbao 2 kwa 4, injini ikae kwenye maunti zake (vishikio vyake), sampu (karai la oili la chini) isiguse mbao, maana bati lake hubonyea kirahisi. Kaza kwa bolti. Sensa zinazochomoza na stiki ya oili zitoe, zitie kwenye mfuko ndani ya kreti.

Hatua ya 5: Usafiri

Chagua lori, si buti la basi. Kwenye basi italazwa ubavu ili mabegi yaingie. Kutoka Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilometa 1,100, mzigo unapaswa kusimama wima njia nzima. Andika majina na simu pande mbili za kreti, chora mshale wa kuonyesha juu. Tuma na risiti ya EFD yenye namba ya injini. Mteja ataihitaji TRA akibadilisha taarifa za kadi ya gari. Malipo ya makuli wa huko mkubaliane mapema.

Hatua ya 6: Mapokezi

Piga picha kreti ikiwa juu ya lori. Mteja afungue na kukagua mbele ya msafirishaji kabla hajasaini, na apime konveta kabla chuma bapa hakijatolewa. Kipimo kikitofautiana na ulichoandika, akupigie kwanza, fundi asiguse kitu.