SOMO: Nihamie Windows 11 au nibaki na 10? (kwa wacheza gemu tu)

Wakuu, kila wiki napata meseji tatu nne za swali hilihili: "nina kompyuta fulani, nipige Windows 11 ili gemu ziende fasta?" Nimejibu mpaka vidole vimeota sugu. Naandika mara moja. Ukiniuliza tena nakurushia hapa.

Kwa wenye haraka: kama unahama kwa kutafuta fremu (idadi ya picha kwa sekunde, ndizo zinazofanya gemu iende laini), usihame. Mashine yangu ni i5-8500 na GTX 1060. GTA V ilikuwa ileile kabla na baada. Pale mjini usiku kwenye taa nyingi ilipokuwa inakwama na 10, na 11 nayo ilikwama palepale. Kinachoamua ni mambo mawili: gemu zako zinadai nini, na mashine yako ni ya mwaka gani.

Hatua ya 1: Andika gemu zako kwenye karatasi

Zile unazocheza kweli, siyo ulizonunua kwenye ofa ya Steam zikalala. Kama wewe ni mtu wa kucheza peke yako, magari na misheni za nje ya mtandao, Windows 10 bado inakubeba. Watu wa mtandaoni someni vizuri. Battlefield 6 haifunguki bila Secure Boot. Call of Duty Black Ops 7 inataka Secure Boot na TPM 2.0. Valorant ina ujanja wake: ukiwa na Windows 10 kwa kawaida inakuachia, ukiwa na 11 inavidai vyote viwili, ukikosa inakutupia kosa la VAN9001 au VAN9003. Nimeona watu wamehamia 11 kwa mbwembwe wakaipoteza Valorant waliyoicheza jana yake.

TPM ni kichipu, au kipande ndani ya prosesa, kinachotunza funguo za siri. Secure Boot ni mlinzi wa getini: anakagua sahihi ya kila kinachotaka kuwaka kabla Windows haijaamka. Wenye gemu wanavitaka kwa sababu wale wadanganyifu wanaoona maadui nyuma ya ukuta wamejifunza kuingiza vitu vyao mapema, kabla ya Windows yenyewe.

Hatua ya 2: Umri wa prosesa

Intel kuanzia kizazi cha 8, Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000. i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni cha 8. Kwa hizi za mtumba wa maofisini tulizonazo wengi: HP EliteDesk 800 G1, G2 na G3 hazimo, G4 imo. Dell OptiPlex 7040 na 7050 hazimo, 7060 imo. Kuniambia "nina Core i5" ni sawa na kumwambia fundi gari "nina Toyota".

Hatua ya 3: Kagua hali ya sasa

Bonyeza Windows na R, andika msinfo32. Soma mistari miwili: BIOS Mode na Secure Boot State. Kisha Windows na R tena, tpm.msc, angalia chini kama ni 2.0. BIOS ni programu ya bodi inayoamka kabla ya Windows; Legacy ni mtindo wake wa zamani, UEFI ndio mpya. Ukiona BIOS Mode imeandikwa Legacy, hatua ya 5 ni yako, usiiruke.

Hatua ya 4: Nakili vitu vyako

Diski ya nje. Na seivu za gemu pia. Siyo zote zinapanda kwenye wingu, nyingi zinalala Documents na AppData.

Hatua ya 5: Legacy kwenda UEFI (hapa ndipo nilipoharibu)

Fundi aliyenipigia Windows miaka hiyo aliipiga kwa Legacy, diski ikawa ya mpangilio wa zamani, MBR. Secure Boot haifanyi kazi na Legacy, inataka UEFI, na UEFI inataka diski ya mpangilio mpya, GPT. Mimi mwaka 2022 nilisoma nusu ya maelezo. Nikaingia BIOS, nikabadilisha Legacy kuwa UEFI, nikaseivu, nikajiona fundi. Mashine ikawaka na maandishi meupe kwenye skrini nyeusi: hakuna diski ya kuwasha. Jasho likanitoka. Saa sita usiku hiyo. Nikaamini diski imekufa, nikachomeka flashi, nikapiga Windows upya na kufuta kila kitu. Humo ndani mlikuwa na picha za harusi ya dada yangu ambazo aliniachia nimtunzie. Mpaka leo kwenye sherehe za familia nakaa meza ya mbali na yeye.

Sasa kilichoniuma zaidi nilikijua wiki moja baadaye: diski haikuwa na shida yoyote. Ningerudi BIOS nikarudisha Legacy, Windows yangu ingewaka kama kawaida na picha zote zingekuwepo.

Kwa hiyo mpangilio ni huu, na usiugeuze. Diski kwanza, BIOS baadaye. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Hii inakagua tu, haigusi kitu. Ikikubali ndipo uandike:

mbr2gpt /convert /allowFullOS

Haifuti mafaili, lakini hatua ya 4 iko pale kwa sababu. Ikimaliza, zima, ingia BIOS (HP ni F10, Dell ni F2), weka UEFI, washa. Windows ikishawaka salama ndipo urudi BIOS kuwasha Secure Boot. Kimoja kimoja, ili kikigoma ujue ni kipi.

Tahadhari, kila moja imeshamlaza mtu macho:

Mafundi wetu wanapenda kukata diski vipande vingi, C, D, E, F. mbr2gpt haikubali zaidi ya vipande vikuu vitatu, wala vile vya ziada vilivyozaliwa ndani ya kipande kingine. Ikigoma kwenye ukaguzi, sababu huwa ni hiyo. Hamisha vitu vya E na F, futa vipande, kagua tena.

Kadi ya picha ya zamani sana inaweza kukosa uwezo wa UEFI. Ukizima CSM (sehemu ya BIOS inayokubali vitu vya mtindo wa Legacy) unabaki na skrini nyeusi na feni zinazunguka. Chomoa kadi, chomeka waya wa skrini kwenye bodi yenyewe, uiwashe CSM tena.

Laptopu, na yeyote mwenye BitLocker (kufuli la Windows linalofunga diski): isimamishe kwanza kabla ya kugusa BIOS, na hakikisha una ule ufunguo wa tarakimu 48. Ukibadilisha Secure Boot inaweza kuudai. Huna ufunguo, huna mafaili.

Umeme. Usianze hatua hii jioni ya mgao. Kama huna UPS na mashine yako siyo laptopu yenye chaji, subiri.

Hatua ya 6: Washa TPM

Kwenye BIOS ya Intel inaitwa PTT, kwa AMD inaitwa fTPM.

Hatua ya 7: Hamia

Windows Update ikikupa, pokea. Isipokupa, pakua kutoka kwa Microsoft wenyewe, flashi ya GB 8.

Hatua ya 8: Baada ya kuhamia

Draiva ya kadi kwanza. Halafu Windows Security, Device security, Core isolation: kuna kitu kinaitwa Memory integrity. Kinalinda, ila kinakula nguvu kidogo, na Microsoft wenyewe wanasema mcheza gemu anaweza kukizima na kukiwasha tena baada ya kucheza. Kwenye prosesa changa sioni tofauti. Kwenye za zamani kinaonekana.

Usipoipenda 11 una siku 10 za kurudi 10 kupitia Recovery. Usisafishe diski ndani ya siku hizo. Folda ya Windows.old ndiyo daraja lako.

Wanaobaki na 10: masasisho ya bure yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa ziada unaoitwa ESU unaokupa viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026: ama dola 30, ama bure ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Mashine isiyofika kizazi cha 8 na isiyocheza za mtandaoni, mimi ningeiacha hapo.

---

MASWALI

dogo_fremu: Mkuu mi nina core i5 inakubali?

Mwandishi: Hatua ya 2.

dogo_fremu: nimesoma ila sijaelewa, we niambie tu inakubali au haikubali

Mwandishi: Toyota gani, dogo?

Mzee wa Rufus: Unatisha watu bure. Rufus, ile programu ya kuandaa flashi ya Windows, inaruka masharti yote, nimepiga Windows 11 kwenye EliteDesk 800 G1 na inapaa. Hizi hatua zako nane za nini?

Mwandishi: Sijasema haiwezekani. Rufus inamdanganya yule anayekagua wakati wa kupiga Windows, haioteshi TPM mpya kwenye bodi. G1 ina TPM 1.2. Fungua Valorant hapo halafu uniletee picha ya skrini. Na sasisho kubwa la kila mwaka likija halitakufikia lenyewe, utarudia zoezi kwa mkono. Kama unacheza GTA na kuangalia muvi, endelea kupaa.

Mzee wa Rufus: Sichezi Valorant.

Mwandishi: Basi hatuna ugomvi.

Neema_wa_GTX: Nashukuru kwa somo kaka. Nina GTX 1060 kama yako na nimesikia NVIDIA wameiacha. Kuna maana ya kuhamia 11 kwa ajili ya draiva?

Mwandishi: Dada, hili ndilo swali nililotaka mtu aulize. NVIDIA walitangaza kwamba draiva za gemu mpya kwa kadi za Maxwell na Pascal, yaani GTX 900 na 1000, mwisho ni Oktoba 2025. Baada ya hapo ni viraka vya usalama tu kila robo mwaka hadi Oktoba 2028. Hilo linahusu kadi, halihusu Windows, kwa hiyo ukihamia 11 kadi yako haipati chochote cha zaidi. Wenye RTX waliobaki na Windows 10 ndio wameongezewa mpaka Oktoba 2026. Kwa mimi na wewe, pesa yoyote ya ziada iende kwenye kadi. Lakini kabla ya kununua pima sanduku lako: hizi za maofisini nyingi ni nyembamba, na pawasapulai yake haina waya wa kulisha kadi kubwa. Nilishawahi kurudi nyumbani na kadi nzuri isiyoingia.

Neema_wa_GTX: Hahaha, hilo la sanduku limeniokoa. Na je Linux? Nasikia Steam inaendesha gemu za Windows humo.

Mwandishi: Inaendesha, kupitia Proton, mkalimani wa Steam kati ya gemu za Windows na Linux, na kwa mashine isiyofika kizazi cha 8 ni njia ya heshima kabisa. Gemu nyingi za mchezaji mmoja zinakwenda bila wewe kugusa kitu. Kinachogoma ni walinzi wa gemu za mtandaoni: Valorant na Fortnite sahau. Jaribu kwa diski ya pili, ya kwanza uiache ilivyo.

Baba Junia: Kaka msaada wa haraka. Nimebadilisha UEFI haiwaki inasema no bootable device. Nimeshika flashi hapa nataka kupiga upya

Mwandishi: Weka flashi chini. Umeanzia katikati, si ndiyo? Ingia BIOS, rudisha Legacy, seivu, washa.

Baba Junia: Imewaka!! Mungu akubariki. Nilianza na hatua ya 5 lakini ile sehemu ya mwisho

Mwandishi: Nilijua. Sasa nakili picha kwanza, halafu soma kuanzia juu.

kaka_bando: Nikipiga Windows upya lazima nishushe gemu zote tena? Nina GB 400 za Steam, bando lake ni mshahara.

Mwandishi: Hapana. Kama zipo D, ziache hapo. Ukishapiga Windows, weka Steam, nenda Settings, Storage, ongeza diski ya D. Itaziona zenyewe, itakagua mafaili na kushusha kidogo tu kilichopungua. Kama zipo C, nakili folda nzima ya steamapps kwenye diski ya nje.

Neema_wa_GTX: Nyongeza: flashi za bei ya kutupa zinazoandikwa GB 512, zijazeni mafaili na kuyafungua tena kabla ya kuziamini. Yangu ilikuwa GB 16 iliyovaa jina la watu.

Baba Junia: Kaka narudi tena, usinichoke. Jana nimefuata zote, convert imekubali, UEFI, Secure Boot, ikawaka vizuri. Usiku umeme ukakatika. Leo naiwasha, no bootable device ileile. Na saa ya kompyuta inasema Januari 2016.

Mwandishi: Saa hiyo imekwambia kila kitu. Betri ya bodi imekufa, ile ya duara bapa, CR2032, duka lolote la saa wanayo. Umeme ukiisha BIOS inasahau mipangilio na kurudi ya kiwandani, kwako ni Legacy, na sasa diski yako ni GPT. Chomoa waya wa umeme, badilisha betri, rekebisha tarehe, weka UEFI tena.

Baba Junia: Imewaka. Betri shilingi elfu moja na mia tano. Mwenye duka ameniuliza ni ya remoti ya gari.