Somo: Siku ya kiangazi na watoto katika Bustani ya Mimea ya Kew, London

Somo hili ni kwa familia zetu zinazoishi Uingereza, au zinazopokea wageni kutoka nyumbani katika miezi ya Julai na Agosti, na zinazotaka kuwapeleka watoto katika Bustani ya Mimea ya Kew, kusini-magharibi mwa London. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1759, ina ukubwa wa takriban hekta 130, na tangu 2003 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ukubwa huo ndio unaowashinda wengi: huingia asubuhi wakiwa na nia ya kuona kila kitu, na kufikia saa nane mchana mdogo amebebwa mgongoni, mkubwa amenuna, na baba anatafuta lango la kutokea. Utaratibu ninaoupendekeza ni wa kuchagua machache na kuyapanga kwa kufuata joto la siku.

Hatua ya kwanza: tiketi na usafiri

Nunua tiketi mtandaoni kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu bei ya langoni huwa kubwa zaidi. Watoto walio chini ya miaka 4 huingia bure. Treni ya District, mojawapo ya njia za reli ya chini ya ardhi ya London, inayoelekea Richmond hushusha abiria katika stesheni ya Kew Gardens, na kutoka hapo hadi lango la bustani liitwalo Victoria Gate ni mwendo wa takriban mita 500 kwa miguu. Watoto walio chini ya miaka 11 hawalipi nauli ya treni hizo wakifuatana na mtu mzima, hadi watoto wanne kwa mtu mzima mmoja. Kwa kuwa njia za treni hufungwa mara kwa mara mwisho wa wiki kwa ajili ya matengenezo, hakikisha usiku uliotangulia kwamba njia yako inafanya kazi. Bustani hufunguliwa saa nne asubuhi, na anayefika saa hiyo hupata saa mbili za utulivu kabla ya umati.

Hatua ya pili: kikapu cha chakula

Kula chakula ulichobeba kunaruhusiwa, na kwa familia kubwa ndiyo njia pekee ya kuepuka gharama za mikahawa ya ndani. Sambusa, katlesi, chapati zilizokunjwa na maji ya kutosha vinatosheleza. Mishikaki ichomwe nyumbani, kwa sababu majiko ya kuchomea hayaruhusiwi, kama vile mpira na baiskeli zisivyoruhusiwa. Weka mkeka, kofia, na sweta moja kwa kila mtoto, hata kama jua linawaka. Kiangazi cha Uingereza hakiaminiki.

Hatua ya tatu: anza na Palm House

Jumba hili la chuma na vioo lilijengwa kati ya 1844 na 1848, na linaonekana mara tu uingiapo kwa Victoria Gate, ng'ambo ya bwawa. Liingie kabla ya saa sita. Ndani yake joto na unyevu vimewekwa kwa makusudi kwa ajili ya mimea ya misitu ya mvua, kwa hiyo mchana wa Julai mtu huhisi kama yuko Mombasa mwezi wa Machi, na watoto wadogo hulemewa haraka. Ukiingia tu, miwani hupata ukungu na sakafu huwa imelowa, basi wavishe watoto viatu visivyoteleza.

Mimea imepangwa kwa mabara, na upande wa kusini ndio wa Afrika. Hapo ndipo mzazi anapogeuka kuwa mwalimu bila kujiandaa, kwa sababu mingi ya mimea inayoshangaza wageni wengine ni ile tuliyokua nayo: mbuni, mgomba, mchikichi. Mtoto aliyezaliwa London huenda amekunywa kahawa ya maziwa kwa bibi yake bila kuwahi kuona punje zake zikiwa bado nyekundu tawini. Mwonyeshe pia mkakao, uliotoka Amerika. Tunda lake halining'inii kwenye matawi ya pembeni pekee. Huota moja kwa moja kwenye shina, na hilo watoto hulikumbuka kuliko maelezo yoyote utakayowasomea.

Usiondoke kabla ya kumtazama mzee wa jumba lenyewe, saikadi (mmea wa kale unaofanana na mchikichi) iitwayo Encephalartos altensteinii, iliyoletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1775 na Francis Masson, na ambayo huhesabiwa kuwa mmea wa chunguni wenye umri mkubwa kuliko yote duniani. Shina lake refu limelala ubavu na kuegemezwa kwa nguzo. Waulize watoto ni mara ngapi wanadhani umetoa koni, yaani kiungo chake cha uzazi kinachofanana na tunda la msonobari, hapo Kew. Jibu ni mara moja, mwaka 1819.

Bustani imekwisha kutangaza mpango wa kulifunga jumba hili kwa ukarabati mkubwa wa miaka kadhaa, hivyo tazama tovuti yao kabla ya kupanga safari. Likiwa limefungwa, nenda Princess of Wales Conservatory, jumba lililofunguliwa 1987 lenye maeneo 10 ya hali ya hewa tofauti chini ya paa moja.

Hatua ya nne: yungiyungi kubwa

Jirani na Palm House kuna jumba dogo la mraba la mwaka 1852 lililojengwa kwa ajili ya yungiyungi kubwa za Amerika Kusini. Ni dogo na lina joto kali; dakika kumi zinatosha. Mwinamishe mtoto atazame ukingo wa jani uliopinda juu, aone miiba iliyo upande wa chini. Ua la yungiyungi hizi hufunguka jeupe usiku wa kwanza na kugeuka la waridi usiku wa pili. Mwaka 2022 wataalamu wa Kew walitangaza kwamba aina moja, ambayo sampuli yake ilikuwa imekaa katika makabati yao kwa miaka 177, ilikuwa haijatambuliwa kisayansi. Wakaiita Victoria boliviana, na majani yake huzidi upana wa mita 3.

Hatua ya tano: mahali pa kutandika mkeka

Tandika kwenye nyasi, na usitandike kwenye duara la matandazo lililozunguka shina la mti, hata kama kivuli hapo ndicho kizuri zaidi. Katazo hili lina historia. Usiku wa dhoruba ya Oktoba 1987, iliyoangusha miti takriban 700 ya Kew, mwaloni mmoja mkongwe uitwao Turner's Oak ulinyanyuliwa na upepo pamoja na mizizi yake, kisha ukarudi palepale. Watunzaji waliuwekea vigingi wakitarajia kuushughulikia baadaye, kwa kuwa kulikuwa na miti mingi iliyoanguka kabisa. Walipourudia miaka michache baadaye, mti ambao kabla ya dhoruba ulikuwa umedhoofika ulikuwa umenawiri. Walielewa kwamba udongo uliokuwa umeshindiliwa na nyayo za wageni kwa miaka mingi ulikuwa umeinyima mizizi hewa, na dhoruba iliulegeza. Tangu hapo wakaanza kulegeza udongo wa miti mingine kwa mitambo ya hewa na kutandaza matandazo ili watu wasiukanyage. Nimeona watoto wakilinda duara hilo kwa ukali kuliko walinzi wa bustani, baada ya kusimuliwa habari hii.

Wanaoswali wakumbuke kwamba katika kiangazi cha London adhuhuri huingia baada ya saa saba mchana. Mapumziko ya chakula yakipangwa saa hiyo, mambo yote mawili hukamilika pamoja.

Hatua ya sita: alasiri, chagua kimoja

Mwenye watoto wa miaka 2 hadi 12 aende Children's Garden, iliyofunguliwa 2019 na kugawanywa kwa kufuata mahitaji ya mmea: ardhi, hewa, jua na maji. Pana mahali pa kulowa, kwa hiyo nguo za kubadilisha ni lazima.

Mwenye watoto wakubwa aende Treetop Walkway, daraja la mita 200 lililo mita 18 juu ya ardhi, katikati ya vilele vya miti. Daraja hutikisika kidogo upepo ukivuma, na limebuniwa hivyo. Karibu yake kuna Temperate House, iliyokarabatiwa kati ya 2013 na 2018, ambamo imo saikadi nyingine, Encephalartos woodii: mti dume ambao jike wake hajapatikana popote duniani. Mnara wa Pagoda wa 1762 uutazame kwa mbali. Ngazi 253 mwishoni mwa siku si za familia.

Hatua ya saba: mzinga

Ikiwa miguu bado ina nguvu, pitieni The Hive, umbo la alumini lenye urefu wa mita 17 lililoundwa na Wolfgang Buttress. Taa na sauti zake hufuata mtikisiko wa mzinga halisi wa nyuki uliomo bustanini. Kaeni humo kimya, kisha nendeni mkapande treni.

Maswali ya wasomaji

Mama wa watoto wawili, Leicester: Je, kigari cha mtoto kinaingia katika majumba ya vioo?

Jibu: Kinaingia sakafu ya chini ya Palm House, dada yangu, lakini si kwenye roshani ya juu, ambayo hupandwa kwa ngazi za mzunguko. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kanga ya kumbebea ni bora ndani ya majumba yenye watu wengi.

Baba wa watoto watatu, Barking: Bei ni kubwa kwetu. Hakuna nafuu?

Jibu: Ipo, kaka. Wanaopokea Universal Credit au Pension Credit, yaani misaada ya serikali kwa wenye kipato kidogo, wana tiketi ya pauni 1. Chukua uthibitisho, maana huombwa langoni.

Mama wa kijana mwenye mzio wa chavua, Reading: Nimpeleke Juni?

Jibu: Juni ni mwezi wa chavua ya nyasi, na hiyo ndiyo inayosumbua wengi. Msogeze hadi Agosti, dawa zake zikiwa mfukoni, na mtumie muda mwingi zaidi ndani ya majumba.

Bibi aliyekuja kuwaona wajukuu kutoka Tanga: Wanangu, magoti yangu hayaniruhusu mwendo mrefu. Nami napenda kujua, mkonge upo?

Jibu: Shikamoo, bibi. Viti vya magurudumu huazimwa bure malangoni kwa anayewahi, na Treetop Walkway ina lifti. Jamaa za mkonge zipo katika eneo kavu la Princess of Wales Conservatory, upande wa dungusi kakati, na hapo wajukuu wanaweza kusikia habari ambayo vibao havisemi: kwamba mkonge si mmea wetu wa asili, bali miche yake ilitoka Florida mwaka 1893 kwa juhudi za Dk. Richard Hindorf, na kati ya takriban 1,000 iliyoagizwa ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani. Ingieni kupitia Elizabeth Gate, kwani jumba hilo liko karibu na lango hilo kuliko Victoria Gate, na magoti hayatateseka.