SOMO: Namna ya kupata saizi ya kalavati kwa barabara ya changarawe

Kila masika ikikaribia napokea ujumbe uleule: "Mkuu, niweke kalavati la saizi gani?" Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka, sasa naandika yote mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Fika mahali maji yanapovuka barabara, weka alama kwenye GPS.

2. Pima eneo linalokusanya maji. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu.

Mwaka wangu wa pili kazini, huku Nyanda za Juu Kusini, nilichora eneo mezani kwenye ramani ya 1:50,000 yenye kontua (mistari ya kimo cha ardhi) za kila mita 20. Nikapata hekta 18, nikaweka kalavati moja la kipenyo cha milimita 1200 na kuridhika. Kumbe kulikuwa na mgongo wa ardhi wenye kimo cha mita tatu hivi, hauonekani kwenye kontua, na njia ya ng'ombe ilikuwa imeukata hadi ikawa korongo. Maji ya bonde la pili yote yalipita humo. Eneo halisi lilikuwa hekta 40. Mvua kubwa ya Machi ikapita juu ya tuta. Nilipofika asubuhi kalavati lilikuwa zima, limebaki peke yake katikati ya shimo, tuta limesombwa kulia na kushoto. Mabua ya mahindi yalikuwa yamenasa kwenye matawi ya mti, usawa wa kifua changu. Ng'ambo walikaa kina mama na matenga ya nyanya ambayo yasingefika mnadani siku ile. Mmoja akaniambia: "Mwanangu, maji haya yanatoka kule wanakopitishia ng'ombe, mbona yanajulikana." Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka tulipoegesha magari wakati wa upimaji, na sikuwahi kupiga hodi.

Kwa hiyo: tembea kwa miguu mgongo wote ambako maji yanagawanyika. Uliza wenyeji wasiopungua watatu, kila mmoja peke yake. Tazama takataka zilizonasa kwenye miti na alama za tope kwenye kuta. Fuata na mitaro ya barabara yenyewe, kwa kuwa huleta maji ya mbali ambayo si ya bonde lako.

3. Tafuta muda wa maji kufika kutoka pembe ya mbali kabisa. Fomula ya Kirpich: dakika = 0.0195 × L^0.77 × S^-0.385, L ikiwa urefu wa njia ya maji kwa mita, S mteremko (mita za kushuka kwa kila mita ya urefu). Kwa mita 900 na mteremko wa 0.03 ni dakika 14.

4. Kwenye chati ya mvua ya kituo cha karibu, soma ukali wa mvua ya dakika hizo. Tuseme milimita 110 kwa saa.

5. Kiasi cha maji kwa sekunde: Q = 0.278 × C × i × A, C ikiwa sehemu ya mvua inayotiririka bila kunywewa na ardhi, i ukali wa hatua ya 4, A eneo la hatua ya 2 kwa kilomita za mraba (hekta 40 ni 0.4). Mashamba yenye mteremko wa wastani nayapa C 0.3: 0.278 × 0.3 × 110 × 0.4 = mita za ujazo 3.7 kwa sekunde.

6. Kalavati la milimita 900 hupitisha karibu mita 1 ya ujazo kwa sekunde, la 1200 karibu 2, maji yakipanda kidogo tu juu ya mdomo. Hapo unahitaji mistari miwili ya 1200.

7. Fuata mwelekeo na mteremko wa kijito chenyewe, funika kwa udongo usiopungua milimita 600, jenga kuta za mdomo pande zote mbili, panga mawe kwenye mdomo wa kutokea.

MASWALI

Mwanachama, Mbozi: Mkuu naomba saizi tu, ni kijito kidogo.
– Soma hatua ya 2. "Kidogo" si kipimo.

Mwanachama, Kahama: Kwetu tunaweka 600 miaka yote na hazijabomoka. Mnapenda kutupandishia gharama.
– Mangapi kati ya hayo bado yanapitisha maji? Mtu haingii na koleo ndani ya 600, hivyo likijaa mchanga huachwa. Na kuziba si jambo dogo. Mai Mahiu, Kenya, Aprili 2024, serikali ilieleza kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli iliziba, maji yakajaa nyuma yake hadi yakapasua. Walikufa watu zaidi ya 40. Gharama nimeihesabu.

Mwanachama, mwanafunzi: Shikamoo mhandisi. Kwa nini tusitumie mvua ya siku nzima?
– Marahaba. Swali zuri sana. Milimita 60 zikinyesha kutwa, ardhi inakunywa na kijito kinatulia. Zikinyesha kwa nusu saa, huo ni ukali wa 120 kwa saa. Na muda wa hatua ya 3 ndio unaofanya bonde lote limwage kwa pamoja pale mlangoni. Mvua fupi kuliko huo, pembe za mbali hazijafika. Ndefu kuliko huo, ukali wake umeshashuka. Chora grafu mbili uone.

Mwanachama, Mbulu: Kuongezea, shindilia udongo tabaka za milimita 150, pande zote mbili kwa kwenda sawa, la sivyo bomba linasukumwa. Na korongo linalokauka miezi minane, fikirieni drifti (sakafu ngumu ambayo maji na magari hupita juu yake).
– Kweli kabisa. Drifti ya zege haizibi, ila weka nguzo za kuonyesha kina cha maji.

Mwanachama, mwanafunzi: Nimetembea mgongo wetu jana. Nimekuta mfereji wa umwagiliaji unaovuka kuja upande wetu, ramani haina.
– Pima upana, kina na mteremko wake, kisha muulize anayefungua maji kama huufunga mvua ikinyesha. Niletee namba hizo tuhesabu pamoja.